Dawa za Akili na Hesabu ya Damu
(Barua ya mwanafunzi wa zamani, Bujumbura)

Mhariri ametutaka sisi wanafunzi wa zamani tuwaandikie wadogo zetu habari za kazi tuzifanyazo. Wenzangu wamekwisha kuandika juu ya ualimu, juu ya meli za Ziwa Tanganyika na juu ya kilimo cha kahawa. Kazi yangu mimi ni kuhesabu. Nimekaa miaka mingi katika chumba cha kupimia damu hapa Bujumbura, na kila siku nahesabu vitu visivyoonekana kwa macho matupu. Ningeweza kuandika habari za malaria, maana hiyo ndiyo ituletayo wateja wengi kuliko maradhi mengine yote, lakini malaria imeandikwa sana. Afadhali niandike jambo ambalo watu wa mji huu hulisema kwa kunong'onezana, ya kuwa dawa wanazopewa wagonjwa wa akili "zinakula damu."

Neno hili nimelisikia Buyenzi nilikozaliwa, nimelisikia Bwiza, nimelisikia hata ndani ya basi la kwenda Kamenge. Si uongo mtupu, wala si kweli yote. Limewafanya wengine kutupa vidonge chooni, na mgonjwa aliyekuwa ametulia na kurudi kazini akaonekana tena njiani bila nguo. Wako na wengine waliolicheka neno hilo wakasema ni ujinga wa wazee, wakamwacha mgonjwa wao ameze dawa miaka na miaka pasipo kupimwa hata tone moja. Hao nao nimewaona, na sijui ni nani kati ya hawa wawili aliye katika hatari zaidi.

Wasomaji walio katika darasa la sayansi wataniwia radhi nikianza chini kabisa. Katika damu mna chembe nyekundu, ambazo huchukua hewa na ndizo zinazoifanya damu kuwa nyekundu. Mna visahani, vidogo mno, ambavyo huigandisha damu mtu akijikata. Tena mna chembe nyeupe, ambazo ni askari. Ukichukua damu kiasi cha milimita moja kwa urefu, kwa upana na kwa kwenda juu, utakuta humo chembe nyekundu milioni nne au tano, visahani kutoka 150,000 hadi 400,000, na chembe nyeupe kutoka 4,000 hadi 10,000 tu. Askari ni wachache kuliko raia, kama ilivyo katika nchi yenye amani.

Kuzihesabu chembe nyeupe ni kazi nzuri kwa mtu asiye na haraka. Wavuta damu kidogo kwa mrija wa kioo hata kufika alama yake, kisha wavuta maji ya siki yaliyotiwa rangi ya zambarau, mpaka damu iwe sehemu moja katika ishirini. Ile siki huziyeyusha chembe nyekundu zote, na zile nyeupe zabaki zimepakwa rangi. Tone moja laingia katika kioo kilichochongwa miraba kwa ufundi mkubwa, nawe waweka jicho katika darubini na kuhesabu miraba minne mikubwa ya pembeni. Jumla uipatayo waizidisha kwa 50. Ukihesabu chembe 80, basi mtu huyo ana 4,000. Siku hizi iko mashine ifanyayo kazi hiyo kwa dakika moja, lakini umeme unapokatika, au dawa za mashine zinapokwisha, twarudi kwenye kile kioo, na kusema kweli mimi sisikitiki sana.

Lakini jumla haitoshi. Askari hao ni wa makabila mbalimbali. Lazima upake tone jingine la damu juu ya kioo, ulitie rangi ya Giemsa, uhesabu chembe nyeupe 100 na kuandika ni ngapi za kila kabila. Kabila kubwa ni neutrofili, ambazo kiini chake kimegawanyika vipande-vipande kama shanga tatu au nne zilizoshikana. Hizi ndizo za kwanza kukimbilia bakteria popote zinapoingia, kooni, mapafuni au katika kidonda. Haziishi sana. Hutengenezwa katika uboho ndani ya mifupa, hutoka kwa mabilioni kila siku, hukaa katika damu kwa saa chache, huenda kazini na kufa. Ndiyo maana kiwanda kikisimama, ghala huwa tupu kwa siku chache tu. Katika vitabu imeandikwa kuwa mtu mzima apaswa kuwa na neutrofili 1,500 au zaidi. Zikishuka chini ya 500, homa ndogo tu yaweza kumwua, na mara nyingi dalili za kwanza ni koo linalouma na vidonda vya mdomoni, vitu ambavyo kila mtu huvidharau.

Sasa tuziangalie dawa zenyewe. Dawa ya kwanza ya namna mpya ya kutuliza wazimu ni klopromazini, iliyoanza kutumiwa na waganga Delay na Deniker katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, mwaka 1952. Kabla ya hapo hospitali za wagonjwa wa akili zilikuwa mahali pa kufungiwa zaidi ya mahali pa kutibiwa. Klopromazini ingali yatumika katika nchi zetu kwa kuwa ni rahisi kwa bei. Mara chache sana huusimamisha uboho usitengeneze neutrofili, na ikifanya hivyo, kwa kawaida ni kati ya juma la nne na juma la kumi tangu mgonjwa aanze kuimeza. Iko na kabamazepini, iliyobuniwa na kampuni ya Geigy huko Basel katika miaka ya 1950, ambayo ni dawa ya kifafa na pia ya wale ambao akili yao hupanda mno kwa furaha na hasira, kisha ikashuka mno kwa majonzi. Katika kila watu kumi waimezao, mmoja hivi hupungukiwa na chembe nyeupe kidogo, na mara nyingi zenyewe hurudi. Walioharibikiwa uboho kabisa ni wachache tu katika kila milioni. Haloperidoli haigusi sana damu, ubaya wake ni kukakamaza viungo. Valproati hupunguza visahani. Na litiamu, ambayo mganga John Cade wa Australia alieleza faida yake mwaka 1949, hufanya kinyume cha zote: huzizidisha chembe nyeupe. Litiamu nayo ina mashaka yake, kwani mgonjwa akiharisha sana, au akimeza vidonge vya maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, yaweza kujaa mwilini hata ikawa sumu.

Dawa iliyowafundisha walimwengu kuhesabu damu ya wagonjwa wa akili, hata hivyo, ni klozapini. Ilitengenezwa katika kampuni ya Wander, Bern, Uswisi, mwaka 1958, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaanza kuuzwa katika nchi kadha za Ulaya. Waganga waliipenda mno, kwa kuwa haikuwakakamaza wagonjwa wala kuwatetemesha. Mwaka 1975 habari mbaya zikatoka Ufini. Katika muda wa miezi michache, wagonjwa zaidi ya kumi waliokuwa wakiimeza waliishiwa na neutrofili, na wanane wakafa. Kampuni ikaiondoa dawa katika nchi nyingi. Ingeweza kuwa mwisho wake, lakini waganga waliokuwa wameitumia hawakuisahau. Mwaka 1988 huko Marekani, Bwana John Kane na wenzake walitangaza jaribio walilowafanyia wagonjwa 268 ambao dawa nyingine zote zilikuwa zimewashinda. Baada ya majuma sita, katika kila mia waliopewa klopromazini walipata nafuu wanne, na katika kila mia waliopewa klozapini, thelathini. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikairuhusu, lakini kwa sharti la kupima damu kila juma. Bila hesabu ya damu, mwuza dawa hatoi kidonge. Baadaye sharti likawa kila juma kwa miezi sita, kila majuma mawili kwa miezi sita mingine, kisha kila mwezi, kwa kuwa ilionekana hatari kubwa ni katika majuma kumi na manane ya kwanza.

Mimi napenda sana habari hii. Dawa ilikuwa imewaua watu wanane, na bado yaliyoifanya irudi ni mambo mawili tu, darubini na daftari. Bali nawaombeni mfikiri pia juu ya nchi ambayo maabara iko mbali na mgonjwa, na nauli ya basi ni chakula cha siku nzima. Sharti la kila juma, lililo zuri Zurich au Chicago, laweza kumnyima mtu wa Gitega au wa Uvira dawa ambayo ingemrudishia akili.

Hapa mjini wagonjwa wa akili hutibiwa hasa Kamenge, upande wa kaskazini, katika hospitali ya Mabruda wa Upendo. Shirika hilo lilianzishwa na Padri Peter Joseph Triest huko Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807. Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1993 Kamenge palikuwa pabaya kuliko mahali pengi, na watu waliofikwa na mambo ambayo moyo hauwezi kuyabeba walikuwa wengi. Sitaingia katika habari hizo. Nasema tu kwamba katika mji wetu ugonjwa wa akili si jambo la nyumba ya jirani. Kila ukoo una mtu wake.

Wa kwetu ni kaka yangu, mtoto wa mama yangu mkubwa. Ni fundi magari pale Buyenzi, katika barabara zile zenye namba badala ya majina, ambamo injini hufunguliwa mbele ya kila mlango. Mwaka 2009 akili yake ilipanda. Alikaa siku tano hakulala, akazifungua gari tatu za watu kwa usiku mmoja, akasema atazifanya kuwa gari moja litakalokwenda juu ya maji ya ziwa mpaka Kigoma. (Wenye magari hawakucheka.) Mganga wa hospitali moja ya hapa alimpa kabamazepini, na katika miezi miwili tukampata kaka yetu tena. Kabla ya kidonge cha kwanza nalimpima damu mimi mwenyewe, nikaandika katika daftari: chembe nyeupe 4,200, neutrofili 1,700. Mwezi wa tatu zikawa 1,400. Mganga akaniita, tukazungumza. Karatasi yetu, iliyopigwa chapa kwa kufuata vitabu vya Ulaya, ilisema kawaida ni kutoka 2,000. Kwa karatasi hiyo kaka alikuwa mgonjwa hata kabla hajameza kitu. Tukapatana kwamba kumlinganisha kaka na Mzungu asiyemjua hakufai. Alinganishwe na hesabu yake mwenyewe. Akaendelea, na zikakaa hapo hapo miaka miwili.

Mwanzoni mwa mwaka 2012 usingizi ulimpotea tena kidogo, na mganga akamwongezea klopromazini ya usiku. Baada ya majuma manane, mwezi wa Aprili, mvua zikiwa nyingi na mbu wengi zaidi, akashikwa na homa. Katika majuma sita yaliyotangulia alikuwa amekwisha kutibiwa malaria mara mbili. Kuanzia mwaka 2003 na kwa miaka mingi, dawa ya malaria ya serikali nchini Burundi ilikuwa ni atesuneti pamoja na amodiakwini, iliyochaguliwa baada ya dawa za zamani kushindwa na ule mlipuko mkubwa wa miaka ya 2000 na 2001. Ni dawa iliyookoa watu wasiohesabika. Lakini katika miaka ya 1980 wasafiri wa Ulaya waliokuwa wakimeza amodiakwini kila juma ili kujikinga, mmoja katika kila 2,000 hivi aliishiwa na neutrofili, nao wakaambiwa waache kuimeza kwa njia hiyo. Kuimeza siku tatu kwa ajili ya kutibu ni jambo jingine, na hatari yake ni ndogo sana. Tena kaka alikuwa tayari na dawa mbili nyingine mwilini.

Watu wa nyumbani walimnunulia vidonge vya koo katika duka moja la dawa, vya namna ile ya kotrimoksazoli, ambayo nayo yaweza kuzishusha chembe nyeupe. Wangefanya nini? Koo lauma, wanunua dawa ya koo. Nilipofika jioni nikamkuta mdomo umejaa vidonda, hawezi kumeza hata mate, na mwili unawaka moto. Nikamwambia Mama Mkubwa, "Mama, huyu haendi kesho, anakwenda sasa." Tukampakia katika teksi. Saa mbili za usiku nilikuwa mbele ya darubini. Katika miraba minne nilihesabu chembe 38. Yaani 1,900. Katika chembe mia, neutrofili zilikuwa 18. Wanafunzi wa hesabu watapata upesi kuwa ni 342. Nikahesabu tena kwa kioo kingine, zikawa zile zile.

Mganga hakungoja kujua ni bakteria gani. Alimpiga sindano za seftriaksoni na jentamisini usiku ule ule, akamweka katika chumba cha peke yake, akasimamisha klopromazini, kabamazepini na kotrimoksazoli zote kwa pamoja. Nalimwuliza ni dawa ipi iliyofanya jambo hili. Akasema, "Kama wezi watatu wamelala katika nyumba moja na asubuhi mali haipo, nitamshika yupi? Klopromazini ina majuma manane, huo ndio wakati wake. Naishuku hiyo kwanza. Lakini wenziwe huenda waliufungua mlango." Mpaka leo sina jibu lililo bora kuliko hilo.

Siku tano hesabu ilikaa chini. Siku ya sita nikaona chembe za kabila jingine, monositi, zimezidi kuliko kawaida, nikafurahi, kwa kuwa hizo hutangulia kama tarumbeta kabla ya jeshi. Siku ya tisa neutrofili zikawa 900. Homa ilikuwa imekwisha kuondoka.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu kweli. Damu imerudi, lakini vidonge vimesimama, na akili ikaanza kupanda. Usiku wa kumi kaka aliimba mpaka alfajiri, akawaahidi wauguzi magari. Mganga akataka kuanza dawa nyingine. Mama Mkubwa akasimama mlangoni akasema hapana. Sikumbuki maneno yote, lakini haya nayakumbuka: "Mwanangu, mlisema dawa haili damu. Sasa wewe mwenyewe umehesabu. Heri nimwone mwanangu mwendawazimu, kuliko kumwona maiti mwenye akili."

Ndugu wasomaji, hoja hii si ya kijinga. Wako wanaodhani kazi ya mtu aliyesoma ni kumnyamazisha mama kama huyu kwa maneno ya kitabu. Mganga wetu hakufanya hivyo. Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, maana viti havikuwako, akamwambia, "Mama, ni kweli, dawa ile imekula damu yake. Kuna nyingine isiyokwenda njia hiyo. Nayo ina madhara yake, nami nitayataja yote mbele yako na mbele yake." Akayataja, ya kwamba valproati hunenepesha, hutetemesha mikono, hupunguza visahani, huweza kudhuru ini, na mwanamke anayeweza kuchukua mimba hafai kupewa, kwa maana humharibu mtoto tumboni. Kisha akamwuliza kaka mwenyewe, ambaye siku ile alikuwa na dakika kadha za utulivu. Kaka akasema, "Nipeni. Lakini ndugu yangu ahesabu." Mama Mkubwa akaondoka mlangoni. Kwa miezi mitatu hakusema nami ila salamu.

Baada ya jambo lile nikaanza kuuliza zaidi namna dawa zinavyokutana mwilini, na mfano niliopewa na mganga ulikuwa mzuri kwa watu wa Buyenzi. Ini, alisema, ni gereji. Kila dawa iingiayo hufunguliwa humo vipande-vipande na kutupwa nje. Kabamazepini ina tabia ya kuongeza mafundi. Gereji ikiwa na mafundi wengi, dawa nyingine hufunguliwa kabla hazijafanya kazi: haloperidoli hupungua nguvu, vidonge vya kupanga uzazi hupungua nguvu, na hata ile dawa ya malaria ya artemetha na lumefantrini, inayotumika sana katika Afrika Mashariki, hupungua katika damu hata malaria ikaweza kurudi. Kabamazepini hujifungua hata yenyewe, ndiyo maana kipimo kilichotosha mwezi wa kwanza hakitoshi mwezi wa pili. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya vivyo hivyo. Dawa nyingine huwafukuza mafundi. Mgonjwa amezaye kabamazepini akipewa erithromisini kwa ajili ya koo, dawa hujaa, akaona vitu viwili-viwili na kuyumba kama mlevi, na majirani wakasema wazimu umerudi.

Moshi wa tumbaku nao huongeza mafundi wa aina fulani, wale wanaofungua klozapini. Mvutaji huhitaji dawa nyingi zaidi. Akilazwa hospitalini asikoruhusiwa kuvuta, mafundi hupungua, na kipimo kile kile cha jana kinakuwa kikubwa mno. Siprofloksasini, wanayopewa watu wengi hapa kwa homa ya matumbo, hufanya vile vile. Kuhusu klozapini na kabamazepini, hizo haziwekwi pamoja kamwe, kwa sababu mbili: kila moja yaweza kuudhuru uboho, na moja humfukuza mwenziwe katika gereji.

Nirudie hesabu ya 1,700, kwa kuwa hapo pana jambo ambalo ningalipenda tungefundishwa shuleni. Siku moja mashine ilipokuwa mpya tuliijaribu kwa damu zetu wenyewe. Sisi watano wa maabara, wote wazima, watatu tulikuwa chini ya neutrofili 2,000. Mimi nilikuwa na 1,350, na Jumapili ile ile nalicheza mpira dakika tisini. Zamani watu kama sisi tuliandikwa katika vitabu kuwa tuna upungufu, ingawa vilikiri kwamba upungufu huo haudhuru. Maelezo yake yalipatikana katika damu yenyewe. Mwaka 1950 huko Uingereza liligunduliwa kundi la damu lililopewa jina la mgonjwa mmoja, Duffy. Ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya watu wa Afrika kusini ya Sahara hawana alama hiyo juu ya chembe zao nyekundu. Katika miaka ya 1970 Bwana Louis Miller na wenzake wa Marekani wakaonyesha faida yake: namna moja ya malaria, iitwayo vivaksi, huushika mlango huo ili kuingia katika chembe, na asiye na mlango huipata kwa nadra. Kisha mwaka 2009 wataalamu wa urithi wakaona ya kuwa badiliko lile lile dogo, lililowakinga babu zetu na vivaksi, ndilo linaloshusha hesabu ya neutrofili. Uboho ni mzima, na maradhi yakija askari hutoka kama kwa watu wengine. Waarabu wengi wa Yemeni na Wayahudi waliotoka huko wako vivyo hivyo.

Si jambo la kujivunia tu. Kwa miaka mingi watu wenye asili ya Afrika, huko Marekani na Uingereza, walinyimwa klozapini au wakaachishwa, kwa sababu damu yao ya kawaida ilipimwa kwa kawaida ya mtu mwingine. Mwaka 2015 serikali ya Marekani iliandika mpaka mwingine kwa ajili yao: mtu wa namna hii aweza kuanza dawa akiwa na 1,000 badala ya 1,500. Na mwaka 2025 iliuondoa ule mpango wa kumlazimisha mwuza dawa kuona hesabu kwanza, ingawa waganga wangali wanaagizwa kupima. Mimi naona walifanya vema mara zote mbili, lakini mgonjwa wangu asipokuja kupimwa sitalala vizuri kwa sababu ya tangazo la Washington.

Katika maabara yetu tulifanya mabadiliko madogo. Ile karatasi yenye 2,000 ingali inatoka katika mashine, hatuwezi kuizuia. Pembeni yake tumeongeza mstari wa kuandikwa kwa kalamu: hesabu ya mgonjwa kabla ya dawa. Anayeleta mgonjwa wa akili kwa mara ya kwanza tunamwomba apimwe siku hiyo, kabla hajameza kitu, na tunamwambia maneno matatu ya Kiswahili ambayo hata mtoto aweza kuyakumbuka: homa, koo, mdomo. Akiona moja katika hayo, asiende dukani, aje kwetu na vidonge vyake vyote mkononi, pamoja na vile vya malaria na vya mke wa jirani.

Kaka yangu sasa amenenepa. Mikono yake hutetemeka kidogo asubuhi, na kwa sababu hiyo zile skrubu ndogo huwaachia vijana. Kila baada ya miezi mitatu huja na mkono wa shati umekwisha kukunjwa, akauliza kabla hajaketi, "Ngapi?" nami humjibu kwamba bado sijamchoma. Mara ya mwisho neutrofili zilikuwa 1,600 na visahani 188,000. Mama Mkubwa, ambaye siku hizi huja naye, huniomba nimwandikie namba hizo katika kikaratasi, akakifunga katika pindo la kanga pamoja na nauli.